Eldaberi: kwa nini hailiwi mbichi, na je, shira yake inatibu mafua?

SWALI: Ninaishi karibu na Hamburg, Ujerumani. Nyuma ya nyumba yetu kuna mti ambao wenyeji huuita Holunder, wenye vishada vya matunda madogo meusi. Jirani yangu, mama wa makamo, huyapika supu na shira ya kunywa wakati wa mafua, lakini amenikataza kabisa kuyala mabichi. Mimi nina mashine ya kukamulia juisi na nilitaka kuyakamua kama matunda mengine. Je, katazo hilo lina sababu ya kitaalamu? Na je, naweza kumpa shira hiyo mwanangu wa miezi 10 akishikwa na mafua?

JIBU: Jirani yako amekwambia kweli, dada, na mashine hiyo ndiyo chombo kisichofaa kuliko vyote kwa kazi hii. Mti huo, yaani eldaberi, ambao jina lake la kisayansi ni Sambucus nigra, una kemikali iitwayo sambunigrini katika majani, magome, vikonyo, mbegu na matunda ambayo hayajaiva. Sehemu hizo zikipondwa, kemikali hiyo hukutana na vimeng'enya vya mmea wenyewe na kutoa asidi ya sianidi, yaani sumu ile ile inayotulazimu kuloweka na kuanika muhogo mchungu kabla ya kuusaga unga. Tunda lililoiva vizuri lina kiasi kidogo tu cha sumu hiyo, lakini lina pia protini za aina ya lektini ambazo huvuruga tumbo zisipopikwa. Mashine haibagui: husaga mbegu na vikonyo pamoja na nyama ya tunda.

Mwezi Agosti 1983, huko Monterey, California, watu 25 walikuwa kwenye mkusanyiko mbali na mji, na miongoni mwao walikuwamo waliokunywa juisi ya eldaberi za huko zilizopondwa mbichi pamoja na majani na matawi. Ndani ya dakika 15 baada ya kunywa, watu 11 walianza kuona kichefuchefu na kutapika, na wanane wakasafirishwa kwa helikopta hadi hospitali. Wote walipona upesi. Aliyelazwa usiku ule ni yule aliyekuwa amekunywa glasi tano.

Basi fanya hivi. Kata vishada vizima vilivyoiva, mwezi wa Agosti au Septemba, ukiacha vile vyenye punje za kijani au nyekundu. Punje zitoe kwenye vikonyo kwa kuvichana kwa uma juu ya bakuli pana, huku umevaa aproni usiyoionea uchungu, kwa sababu rangi ya zambarau ya tunda hili haitoki kwenye nguo. Zioshe, zitie kwenye sufuria na maji kidogo, zichemke kwa dakika 20 bila kifuniko, kwa kuwa asidi ya sianidi hugeuka mvuke kwenye nyuzijoto 26 hivi na inahitaji njia ya kutokea. Chuja kwa kitambaa, tupa mbegu, kisha rudisha juisi jikoni pamoja na sukari na maji ya limau. Limau usiliache kwa kudhani ni la ladha tu; eldaberi nyingine hazina uchachu wa kutosha kuzuia bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua, ndani ya chupa iliyofungwa. Ukikuta kifuniko kimefura, mwaga bila kuonja.

Supu ya jirani yako, ambayo huko kaskazini huitwa Fliederbeersuppe, ni juisi hiyo hiyo iliyochemshwa na vipande vya tufaha, ikafanywa nzito kwa wanga na kutiwa vitonge vya semolina. Kwa maoni yangu hayo ndiyo matumizi bora ya tunda hili. Maua yake ya Mei na Juni nayo huchovywa kwenye rojo la unga na kukaangwa, hasa Bavaria. Nchini Ureno, katika karne ya 18, serikali iliamuru miti ya eldaberi ing'olewe katika bonde la Douro, kwa sababu watengenezaji wa mvinyo walikuwa wakitumia matunda yake kuupa rangi mvinyo hafifu.

Hakikisha tu kwamba mmea wenu ni mti au kichaka chenye shina gumu na vishada vinavyoinama vikiiva. Ndugu yake, Sambucus ebulus, ni mmea wa shina laini unaokufa kila majira ya baridi. Vishada vyake husimama wima, majani yake yananuka vibaya, na una sumu zaidi.

Kuhusu mafua, ushahidi haujasimama upande mmoja. Utafiti wa Norwei uliochapishwa mwaka 2004, wenye wagonjwa 60, ulionyesha kuwa waliotumia shira walipata nafuu siku nne mapema kwa wastani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 87, haukuona faida yoyote. Mtu mzima akiinywa kama kinywaji cha moto sina pingamizi, isipokuwa anayetumia dawa za kupunguza kinga ya mwili, ambaye amwulize daktari kwanza. Mwanao asipewe. Hakuna kipimo kilichothibitishwa kwa umri wake, sukari haimfai, na shira nyingi za madukani hutiwa asali, ambayo ni marufuku kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Akiwa na mafua, mnyonyeshe mara kwa mara na kumsafisha pua kwa matone ya maji ya chumvi ya dukani. Akipata homa, akikataa kunyonya au akipumua kwa shida, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.