Nimeweka akiba niende Muscat, mume wangu anasema nikaijue kwanza Kilwa

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, nina miaka 39, naishi Mbagala na mume wangu na watoto watatu. Kwa miaka minne nimejiwekea akiba kwenye kikoba, sasa imefika milioni nne. Ada za watoto zimelipwa, deni sina. Nataka niende Muscat, mji mkuu wa Oman, wiki moja, peke yangu, nikatembee tu. Sina biashara huko wala mgonjwa wa kumwona. Mume wangu hajanikataza, ila kila nikigusia anasema, "Kilwa kwenu penyewe hupajui, Muscat unafuata nini?" Dada zangu wanataka ninunue kiwanja. Kilwa Kivinje kwa kina mama nimeenda mara mbili, zote misiba. Natamani siku moja niamke mahali ambapo hakuna anayeniita mama nanihii wala sista. Je, natapanya pesa?*

*Muuguzi, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Hutapanyi. Nakujibu hilo mapema ili usisome yaliyobaki huku roho iko juu. Pesa ni jasho la zamu zako za usiku, na wa kudai hayupo. Dada zako wanakutakia mema na kiwanja ni kitu kizuri, lakini mtu aliyejinyima miaka minne kwa jambo moja, akageuzwa dakika za mwisho, mara nyingi huishia na kiwanja na kinyongo. Kiwanja utanunua, miaka ya kazi bado unayo.

Nimekaa zaidi kwenye maneno ya mumeo. Ndani yake kuna kizuizi na kuna ukweli, vimefungwa pamoja.

Kizuizi ni hiki: ukikubali kwamba lazima upajue kwenu kwanza, hutaondoka kamwe, maana hakuna aliyewahi kuimaliza nchi yake. Na yeye je, amefika Kilwa Kisiwani? Kama hajafika, basi nahisi kuna jingine analoshindwa kulitamka. Huenda anaogopa wiki nzima ya watoto na jiko. Huenda ameumia kwamba katika safari unayoiota miaka yote hiyo yeye hayumo. Mwanamume anaweza kuzunguka mbali sana kabla ya kusema "nitakukumbuka". Hajakukataza, na hilo lihesabu.

Ukweli nao ni mchungu kidogo. Kivinje umekwenda kuzika tu. Wengi wetu kwetu tunakujua hivyo hivyo. Tunafika usiku na basi la kukodi, tunajifunga kanga, tunaingia uani kwenye masufuria, khitma ikisomwa tunapanda gari kurudi mjini. Tukiulizwa tunasema kwetu tunapajua, kumbe tunachokijua ni uani na makaburini. Na wewe, mwanangu, unaishi kandokando ya Barabara ya Kilwa! Mabasi ya kusini unayaona kila siku. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, safari hiyo ilikuwa ya kungoja kivuko na kukwama kwenye matope. Leo ni takriban kilomita 300 za lami.

Nenda, na safari hii asiwepo marehemu. Anza na Kivinje. Mwombe mzee wa ukoo wenu akutembeze mjini, mwende polepole. Nyumba zile za kale zinazobomoka zilijengwa wakati mji ule unatajirika kwa pembe za ndovu na kwa kuuza watu, katika karne ya 19. Muulize watu wenu walikuwa upande gani wa biashara hiyo. Huenda jibu lisikufurahishe, lakini ni lako. Muulize pia habari za Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyepigana na Wajerumani, ambaye wao walimnyonga hapo hapo Kivinje mwaka 1895. Haya bibi yako hakuyaandika popote, na wanaoyakumbuka hawabaki milele.

Kisha teremka Kilwa Masoko, lipia kibali, chukua mwongozaji na upande mashua kwenda Kisiwani. Utaona Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane juu ya bahari. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa watu wa mji huo, na sarafu zao za shaba zimeokotwa mpaka visiwa vya kaskazini mwa Australia. Mwaka 1331 alifika hapo msafiri mashuhuri Ibn Battuta. Alitoka kwao Tangier, Morocco, mwaka 1325, kijana wa miaka 21, na alikuwa ameshaiona Misri, Sham na Makka. Pamoja na yote hayo, Kilwa aliisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Nataka usimame pale ukijua kwamba msafiri wa kiwango hicho alikuja kwa kina mama yako kushangaa. Huwezi kutoka hapo ukiwa na aibu ya kutokea kusini. Najua aibu hiyo, nimeisikia kwa wengi wa huko waliokulia Dar.

Lakini hata Kilwa ukienda, haipiti saa moja watakuwa wameshajua wewe ni mtoto wa nani na mama wa nani. Ile hamu yako ya kuamka pasipo na anayekuita haitatulia huko. Ndiyo maana siwezi kukuambia Kilwa ichukue nafasi ya Muscat. Ugenini hakuna anayekudai kitu. Mimi nilipotoka nje mara ya kwanza, katika mji ambao sikuweza kusoma hata kibao cha basi, nilijishangaa. Nyumbani mimi ni wa kuamua na kuelekeza. Kule nikawa wa kuuliza, wa kungoja, wa kushukuru kwa kuonyeshwa njia. Niliporudi nikawa mvumilivu zaidi kwa wageni. Wewe kila siku unapokea wagonjwa wasiojua waingilie mlango gani, nadhani unanielewa.

Muscat umechagua vizuri kwa mtu anayeanza. Utakuwa mgeni, ila si mgeni kabisa. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alihamishia makao yake Unguja kutoka huko kufikia mwaka 1840, na baada ya 1970 familia nyingi za asili ya Oman zilizokuwa Zanzibar na bara zilirudi huko na Kiswahili chao, kwa hiyo usishangae ukikisikia sokoni Mutrah. Utakutana pia na mabinti wa kwetu wanaofanya kazi majumbani. Wasalimie, waulize hali, usiwapite kama huwaoni. Na ukishaiona Gereza ya Kilwa, ngome ambayo ilivyo leo ni kazi ya Waomani wa miaka ya 1800 hivi, utazitazama ngome za Muscat kwa jicho la mtu anayejua mikono hiyo ilifika mpaka wapi.

Usiende miezi ya katikati ya mwaka, joto hupita nyuzi 40. Desemba au Januari ni nzuri. Mwezi wa Ramadhani uepuke kama unataka migahawa ya mchana. Bei zao zisikudanganye: rial moja ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo kinachoonekana kidogo si kidogo. Ulizia viza kabla hujalipia tiketi. Pasipoti ni shilingi 150,000, na ianze kushughulikiwa sasa, maana kitambulisho cha NIDA chenye jina lililokosewa kinaweza kukuchelewesha miezi.

Likizo yako ya mwaka ni siku 28. Chukua siku chache za Julai uende Kilwa na mumeo, watoto wakibaki kwa dada zako. Mwalike kwa moyo mweupe, isiwe hongo ya kununulia ruhusa, na Muscat usiitaje mpaka mmefika Kisiwani na kuzunguka. Hapo mwambie kama ulivyoniambia mimi, kwamba unataka wiki moja ya kutoitwa na mtu, na kwamba humkimbii yeye. Ile sentensi yako ya kuamka mahali ambapo hakuna anayekuita nahisi hajawahi kuisikia. Akiisikia na bado akakataa, niandikie tena, kwa sababu hapo tutakuwa na jambo jingine la kuzungumza.