WinRAR yangu ya zamani inafungua kila kitu, kuna haja gani ya kuweka mpya?

Mkuu, haja ipo. Unasema una WinRAR 5.50, programu ya kufungua mafaili yaliyobanwa, uliyowekewa na fundi zamani, haijawahi kukusumbua, na antivairasi unayo. Shida ni hapo hapo kwenye "inafungua kila kitu".

Toleo lako linafungua hata mafaili ya ACE, aina ya kizamani ambayo sidhani kama kuna mtu humu amewahi kuitumia. Kazi hiyo hufanywa na kijifaili kiitwacho UNACEV2.DLL, ambacho hakijaguswa tangu 2005. Februari 2019 watafiti wa kampuni ya usalama ya Check Point walionyesha kwamba faili la ACE lililochezewa linaweza kutupia kitu nje kabisa ya folda uliyochagua. Wao walikitupia kwenye folda ya Startup, na chochote kilichomo humo Windows inakiendesha yenyewe ukiwasha mashine na kuingia. Ukilipa faili hilo jina la .rar, WinRAR inalifungua vilevile, maana inaangalia kilichomo, jina haijali. Wenye WinRAR hawakuwa na msimbo wa kijifaili hicho, wakaamua kukiondoa kuanzia toleo la 5.70. Wewe bado unacho.

Nafanya kazi ya ufundi wa kompyuta na wateja wangu wengi ni wa steshenari, watu wanaopokea CV na nyaraka za zabuni kutwa nzima. Karibu wote wananiambia wako salama kwa sababu "hawabofyi exe", yaani mafaili ya programu. Sasa chukua tundu la usalama la mwaka 2023, lenye namba ya utambulisho CVE-2023-38831. Unafungua faili la zip, unaona picha, unaibofya mara mbili. Kumbe humo ndani kuna folda yenye jina sawasawa na la ile picha, na ndani yake imefichwa skripti, yaani faili la amri. Inayokimbia ni skripti. Wahalifu walilitumia tangu Aprili mwaka ule kuwawinda watu wanaofanya biashara ya fedha mtandaoni, na dawa ikatoka Agosti kwenye 6.23.

Julai 2025 kampuni ya antivairasi ya ESET ikakuta kundi la wadukuzi la RomCom linatumia tundu jingine, CVE-2025-8088. Hilo lilikuja kwa sura ya CV ya mwombaji kazi! Aliyefungua aliona hati moja tu, huku vitu vingine vikijipachika kimyakimya, kimoja kikienda Startup. Ni ujanja uleule wa 2019 kupitia mlango mwingine. Ukitaka kuwa salama na hilo, weka 7.13 au zaidi.

Antivairasi nayo usiitegemee sana. Faili likifungwa kwa nenosiri haliwezi kuchunguzwa ndani, kwa hiyo ukitumiwa ankara na nenosiri lake limeandikwa kwenye barua pepe ileile, shtuka.

Kinachofanya haya yote yadumu ni kwamba WinRAR haijisasishi yenyewe. Kivinjari chako kinajisasisha hata umelala, hii inabaki ilivyowekwa. Na sisi mafundi tunachangia: flashi ileile yenye "programu muhimu" inazungushwa mtaa mzima miaka nenda rudi. Nenda Help, kisha About WinRAR, usome namba, halafu pakua mpya kwenye tovuti yao wenyewe, siyo ile ya Telegram yenye kraki (ya kukwepa kulipia). Siku 40 za majaribio zikiisha inaendelea kufanya kazi, kraki ya nini?

Kuhusu kuhamia 7-Zip, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, kama jamaa mmoja humu alivyoshauri, mimi mwenyewe naitumia, ni ya bure na nyepesi. Ila nayo haijisasishi, na kabla ya 24.09 ilikuwa na tundu lililofanya Windows isikuonye kuwa faili limetoka mtandaoni. Ukihama, hama na toleo jipya.

Anayeuliza kuhusu simu: RAR ya Android haikuguswa na hilo la 2025.