Shangazi, bosi anataka nisaini kwamba nimeacha kazi mwenyewe

Swali: Shangazi shikamoo. Naishi Mbagala, nina watoto wawili. Nimekuwa mhasibu msaidizi kwenye kampuni moja kwa miaka minne, mshahara laki sita, mwezi huu tumepunguzwa watu kibao. Bosi anasema nisaini barua kwamba nimeacha kazi kwa hiari ndo anilipe fasta. Mume wangu sijamwambia, kila asubuhi navaa natoka kama naenda kazini. Nasikia NSSF wana hela ya kukosa ajira, ni kweli?

Jibu: Marahaba mwanangu, pole sana. Kabla ya yote, hiyo barua USISAINI. Najua umebanwa na hela ya haraka inavutia, ila hapo ndo utapoteza kila kitu, maana fao la kukosa ajira analipwa mtu aliyeachishwa, ukishaandika kwamba umeondoka kwa hiari yako hapo NSSF hawana cha kukusaidia na bosi wako kapona kulipa vitu kibao. Mwambie kwa upole tu, naomba barua inayosema ukweli, kwamba nimepunguzwa.

Na ndiyo, hilo fao lipo kweli, lilikuja na mabadiliko ya sheria ya 2018 lile la kujitoa, la kuchukua michango yako ukiacha kazi, lilipofutwa. Kama umechangiwa miezi 18 au zaidi, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kila mwezi kwa miezi sita. Kwa laki sita yako ni kama laki mbili hivi kwa mwezi. Ndogo, lakini unga na umeme inatosha. Ila angalia kwanza michango yako, kuna waajiri wanakata kwenye mshahara halafu hawapeleki, ukikuta miezi haipo waambie NSSF mapema na uwapelekee salary slip zako, usisubiri siku ya kudai. Ukienda beba barua ya kuachishwa, namba ya uanachama, kitambulisho cha NIDA na namba ya akaunti ya benki.

Halafu kuna za bosi mwenyewe, hizo ni tofauti kabisa na za NSSF asikuchanganye. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliomaliza, wewe miaka minne ni siku 28. Notisi kwa mtu wa mshahara wa mwezi ni siku 28, kama hakukupa basi akulipe, pamoja na likizo ambayo hukwenda. Na cheti cha utumishi ni haki yako, utakihitaji ukiomba kazi kwingine.

Sasa la mumeo. Hili ndo limeniuma zaidi kuliko la bosi, kutoka asubuhi kila siku umevaa vizuri ukakae sijui wapi mpaka jioni, na nauli unalipa! Mwanangu mwambie leo usiku watoto wakishalala. Mweleze na hesabu yote, itaingia kiasi gani na kwa miezi mingapi, mpange kodi ya nyumba na ada pamoja, na ule mchezo wenu wa kazini kama upo omba upumzike. Asipojua ataendelea kuahidi ndugu zake hela ambayo haipo, na wewe utaishia kukopa kwenye zile app za simu ili kuziba, wale ukichelewa siku mbili wanawapigia mpaka wakwe zako. Akikasirika mwache akasirike, atatulia, kufukuzwa hukufukuzwa kwa wizi.

Na atakayekuambia hela yote ya kiinua mgongo weka kwenye kuku, mwambie asubiri upate kazi kwanza.

Bosi akigoma kutoa barua nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, huhitaji wakili, lakini malalamiko ya kuachishwa kazi yanapokelewa ndani ya siku 30 tangu uachishwe na zako zimeshaanza kuhesabika, kwa hiyo akikuzungusha mpaka Ijumaa, Jumatatu asubuhi uwe umeshafika pale.