Usitawanye data kwenye seva nyingi bado, anza na jedwali lenyewe

Mkuu, umesema jedwali lako kwenye hifadhidata ya PostgreSQL lina rekodi milioni 900, kila siku zinaingia milioni 5, ripoti zimekuwa nzito na sasa unafikiria kuitawanya data kwenye seva kadhaa. Nimepita njia hiyo hiyo na jedwali la matukio lililokuwa kubwa kuliko lako. Nakuomba usitawanye bado. Jedwali moja la PostgreSQL, kwa kurasa zake za kawaida za kilobaiti 8, linaweza kufika terabaiti 32, kwa hiyo nafasi unayo.

Mimi kilichonikesha ni kufuta. Usiku mmoja niliachia DELETE, amri ya kufuta rekodi, iondoe rekodi za miezi mitatu. Alfajiri ilikuwa bado inakimbia, seva ya nakala imeachwa nyuma kabisa, na ilipomaliza diski haikupungua hata kidogo. DELETE huitia rekodi alama tu kwamba imekufa. VACUUM, amri ya usafi, ndiyo hupita baadaye na kuiachia nafasi ile itumike tena ndani ya jedwali hilo hilo. Na VACUUM inayojiendesha, kwa mipangilio ya awali hadi toleo la 17, husubiri mizoga, yaani rekodi hizo zilizokufa, ifike kama asilimia 20 ya jedwali. Kwako ni rekodi milioni 180! Toleo la 18 limeweka kikomo cha milioni 100, bado ni nyingi. Shusha kiwango hicho kwa jedwali hilo peke yake, hata leo. VACUUM FULL usiikimbilie: hulifunga jedwali lote na kuandika nakala mpya kando, sasa diski iliyokaribia kujaa itaipata wapi nafasi hiyo?

Kilichonitoa ni patisheni, yaani vipande vya jedwali vilivyogawanywa kwa tarehe, ambazo tangu toleo la 10 unazitangaza moja kwa moja unapounda jedwali. Unakuwa na jedwali mama, na chini yake patisheni moja kwa kila siku au wiki. Muda wa kuitunza patisheni ukiisha unaichomoa kwenye jedwali mama, kisha unaifuta nzima kwa DROP. Ni kazi ya sekunde chache na haiachi mzoga hata mmoja. Kuanzia toleo la 14 unaweza kuichomoa kwa CONCURRENTLY bila kuwazuia wanaosoma na kuandika.

Ila pitia kwanza msimbo wako uone ni maulizo (query) gani hayataji tarehe, maana hayo yatapekua patisheni zote. Hatua hii niliiruka, na ukurasa wetu wa kutafuta kwa namba ya mteja ukawa mzito kuliko mwanzo. Jua pia kwamba ufunguo mkuu (primary key) wa jedwali lenye patisheni lazima ujumuishe safu ya tarehe.

Jambo la haraka zaidi: id yako, namba ya utambulisho ya kila rekodi, ni ya aina gani? Kama ni integer, mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa kasi yako, na kama namba zako zinalingana na idadi ya rekodi, umebakiwa na siku zisizofika 250. Kwetu zilikwisha jioni ya Jumapili: kila INSERT inakataliwa, logi imejaa mstari ule ule wa kosa, na sisi tunahangaika huku watu wanasubiri. Kubadili kwenda bigint, aina ya namba kubwa zaidi, kwa amri ya ALTER huandika upya jedwali zima likiwa limefungwa. Ndiyo maana nashauri ufanye yote kwa mkupuo: unda jedwali jipya lenye patisheni na id ya bigint, elekeza rekodi mpya huko, kisha hamisha za zamani siku baada ya siku. Zilizopita muda wa kutunzwa usizihamishe kabisa.

Kwenye safu ya tarehe jaribu BRIN, aina ya indeksi ya kuharakisha utafutaji. Hutunza tarehe ya chini na ya juu ya kila kundi la kurasa 128, kwa hiyo ni ndogo mno, lakini hufaa tu kama rekodi zimeingia kwa mpangilio wa muda.

Ukimaliza hayo na diski ya mashine moja bado haimudu uandishi, hapo tuzungumze kuhusu Citus, nyongeza ya PostgreSQL ya kutawanya data kwenye seva nyingi. Kwa sasa tuwekee hapa matokeo ya EXPLAIN ANALYZE (amri inayoonyesha jinsi ulizo linavyotekelezwa na muda linaotumia) ya ripoti yako iliyo nzito kuliko zote, pamoja na masharti yake ya kuchuja ya WHERE, nikuambie kama patisheni za siku zitakufaa au za wiki.