Kazi ilinipita nikiiona kwa macho yangu

Juzi usiku dada mmoja wa mwaka wa mwisho hapo TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa, alinitumia meseji, "kaka, namaliza mwaka huu, nianze wapi kutafuta kazi?" Nikacheka peke yangu, manake mimi hilo swali sikumuuliza mtu na likanigharimu.

Mimi pia nimesomea chuo hicho hicho, hapo Tudor. Atachimenti, yale mazoezi ya kazi ya chuo, nilifanyia kampuni moja ya kliaringi, ya kutolea watu mizigo bandarini, jina sitalitaja. Wiki mbili za kwanza kazi yangu ilikuwa kununulia watu mahamri na mbaazi na kupeleka karatasi bandarini Kilindini kwa miguu, jua la saa saba, shati limegandana na mgongo. Nikaona nadharauliwa, mtu na diploma yangu! Lakini nikakaza roho, nikawa nachungulia chungulia, nikajua BL, ile hati ya mzigo wa meli, inasomwa vipi, entry, yaani fomu ya kutangaza mzigo kwa forodha, inaingizwa vipi kwa sistimu ya KRA, watu wa ushuru, na kwanini bosi hupandwa na mashetani siku za bure za kontena kukaa bandarini zikikaribia kuisha, manake hapo storeji inaanza kuhesabiwa na mwenye mzigo hataki kusikia habari yako. Mwezi wa tatu nikawa naachiwa faili zima peke yangu. Najisifu, ndio, kwani uongo?

Sasa Agosti 2021 nimeshamaliza, niko nyumbani Likoni, bosi akapiga simu siku ya Jumanne. Kuna nafasi, Ijumaa njoo na karatasi zako zote. Mamangu akapiga vigelegele mtaa mzima ukajua.

Karatasi zenyewe sasa. Good Conduct, cheti cha polisi cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, sina. PIN ya KRA, ile namba ya ushuru, ninayo, niliitoa 2018 kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB nikaisahau huko, kumbe hata mwanafunzi ambaye hajaona mshahara anatakiwa afaili nil riteni, yaani kuwaambia KRA hukupata kipato, kila mwaka kabla ya Juni 30 kuisha, ukikosa faini 2,000. Mimi nilikosa mara 3. Elfu 6 naitoa wapi, mtu ambaye nashukuru feri watu wa miguu hawalipi? Nikakopa kwa mjomba, nikalipa na 1,050 ya Good Conduct kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, nikaenda kupigwa alama za vidole, nikangoja. Ijumaa ikafika cheti hakijatoka. Ijumaa ya pili pia. Nafasi akapewa jamaa tuliyekuwa naye atachimenti, mtu ambaye entry nilimfundisha mimi, wallahi mimi! Yeye alikuwa na faili lake la plastiki kila kitu kimo. Saa hii ana kijigari, akinipita Makupa ananipigia honi. Simchukii. Lakini honi naisikia.

Mimi nilikaa mwaka mzima na miezi kabla ya kupata hapa nilipo, na hiyo miezi siisimulii.

Kwa hivyo wadogo zangu nisikizeni. Mnashinda kwa baraza mkilia hakuna kazi, kazi ni za wenye watu wao, na kweli zipo za hivyo, lakini siku yako ikija itakukuta na nini mkononi? Toeni karatasi mkiwa bado chuo. Nil riteni ni dakika kumi kwa simu, fanyeni. Najua 2022 sheria ya ajira ilirekebishwa, mwajiri asikuitishe vyeti vya kliaransi, hizi karatasi za kuonyesha uko safi, kabla ya kukupa ofa, sawa, lakini ofa ikija utapewa siku ngapi? Na kama unataka kazi ya serikali ongeza vyeti vya HELB, EACC ya kupambana na ufisadi, na CRB ya rekodi za mikopo. Na atachimenti usiende kupigisha muhuri tu kwa logibuku urudi ukalale. Ukitumwa mahamri nenda, ukirudi uliza swali. Halafu ukimaliza usipotee, mpigie yule aliyekufundisha hata siku ya Idi umsalimie. Na karatasi, narudia, karatasi!

Yule dada nilimuuliza kitu kimoja tu, PIN yako mara ya mwisho umeifungua lini? Akanyamaza siku mbili. Leo asubuhi kanitumia picha yuko kwa foleni Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali pale posta kuu, GPO, anangoja alama za vidole, ila ya PIN bado hajanijibu.