Uliza nenosiri la msimamizi kabla ya kupakua draiva

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kompyuta hapa Lubumbashi, mteja akileta mashine ya mezani yenye picha zilizotanuka na video zinazokwama, fungua kwanza "Gestionnaire de périphériques", yaani orodha ya vifaa vya kompyuta. Windows nyingi za kwetu ni za Kifaransa, kwa hiyo zoeeni majina hayo. Mkikuta "Carte vidéo de base Microsoft", draiva ya kadi ya grafiki, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo ya picha, haijawekwa.

Hapo hapo uliza nani ana nenosiri la msimamizi, yaani akaunti yenye ruhusa ya kubadilisha mfumo. Kwa mfano, mwanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) kaachiwa kompyuta na mjomba, na mjomba yuko Kolwezi, simu haishiki. Draiva ya NVIDIA ina mamia ya megabaiti. Utamaliza mega zako bure, kisha Windows ikukatalie mlangoni.

Na ina haki ya kukataa. Programu ya kawaida ikikosea, hujifunga yenyewe. Draiva hukaa ndani kabisa ya mfumo. Ikikosea, kompyuta nzima huanguka kwa skrini ya bluu. Ndiyo maana tangu Windows Vista, iliyoingia sokoni 2007, hata aliye kwenye akaunti ya msimamizi huulizwa kwanza kama anaruhusu mabadiliko. Wengi hubonyeza "Oui" bila kusoma. Angalia mstari wa "Éditeur" (mtoaji wa programu): kwa draiva ya kadi utegemee NVIDIA, Intel au Advanced Micro Devices. Ukiona "Inconnu" (hajulikani), funga, hata kama faili umepewa na rafiki kwenye flashi.

Mwenye nenosiri aliandike mwenyewe, nawe tazama pembeni. Wapo mafundi wanaompandisha kila mtumiaji kuwa msimamizi ili wasisumbuke. Kwenye cyber, ambako flashi za kila aina huingia kutwa nzima, huo ni uvivu tu, na virusi vikiingia vitakuwa na ruhusa zote.

Umeme nao tunaujua. Kompyuta ya mezani haina betri, kwa hiyo iunganishe na UPS (kifaa chenye betri ya akiba) na uweke "point de restauration", alama ya kuurudisha mfumo ulivyokuwa, kabla ya kuanza. Ukikatika katikati na skrini ikabaki nyeusi, ingia "mode sans échec" (Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu), ondoa draiva, uanze upya.

Kwa Ubuntu, mfumo wa Linux unaotumika badala ya Windows, amri ni sudo ubuntu-drivers install. Kama Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizoaminika kompyuta inapowaka) imewashwa, huenda ukatakiwa kutunga nenosiri la muda, na kompyuta italiuliza mara moja ikiwaka upya. Ukitakiwa hivyo na ukairuka hatua hiyo, draiva ya NVIDIA haitafanya kazi, kwa hiyo usimruhusu mteja aondoke na mashine kabla hujaiwasha upya mbele yake.