Cavalier: usitoe hela kabla hujaona vyeti vya moyo vya wazazi

Mkuu, hiyo hela usiitume. Umeuliza historia ya mbwa wa aina ya Cavalier King Charles, tabia zake na utunzaji wa manyoya, halafu mwishoni unachomekea kwamba kesho unalipa kishika nafasi, yaani hela ya kushikiliwa mtoto wa mbwa, kwa kuwa muuzaji kakuhakikishia "mtoto kapimwa, mzima kabisa". Ndivyo nilivyoambiwa na mimi, neno kwa neno.

Mtoto wa wiki nane kuonekana mzima si dhamana ya moyo wake wa kesho. Kinachowamaliza mbwa hawa ni vali ya moyo ya upande wa kushoto, yaani kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma: inanenepa, haifungi sawasawa, damu inarudi nyuma, moyo unatanuka. Wakifika miaka 5, karibu nusu yao daktari akiweka kipimo kifuani anasikia damu ikivuja. Wakifika 10, karibu wote. Wangu alianza na kikohozi cha usiku. Sasa akilala nahesabu mbavu zinavyopanda na kushuka dakika nzima, pumzi zikizidi 30 nampigia daktari. Dawa ya moyo na ya kupunguza maji, asubuhi na jioni, mpaka mwisho wake.

Na yule mfugaji aliyeniuzia alijua! Mama wa mbwa wangu alizalishwa hata miaka miwili hajatimiza, moyo haujapimwa. Nilipomuuliza akanijibu mbwa wote huzeeka. Ule ni utapeli, na bado anauza.

Kwa hiyo shika hili: baba na mama wawe wamevuka miaka 2 na nusu na kupimwa na bingwa wa moyo, si daktari wa chanjo tu; babu na bibi wawe walikuwa na moyo safi walipotimiza 5. Muuzaji akikasirika ukiomba karatasi, achana naye. Asikwambie ni maneno ya mtandaoni: mwaka 2022 mahakama ya Oslo ilipiga marufuku kuzalisha Cavalier nchini Norwe kwa sababu ya maradhi ya kurithi.

Historia yenyewe inaingia humo humo. Spanieli wadogo (aina ya mbwa) wa Mfalme Charles II wa Uingereza walikuja kufupishwa pua. Mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge akatangaza zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, Uingereza, kwa wenye pua ndefu kama wa kwenye michoro ya zamani. Chama cha Cavalier kikaundwa 1928, uzao ukajengwa kwa mbwa wachache, na damu ya ukoo ikabaki ile ile.

Tabia? Hakuna mbwa mwenye mapenzi kama huyu, anakufuata mpaka mlango wa choo. Ndiyo maana inauma.

Mwandikie muuzaji leo, akutumie vyeti vya wazazi wote wawili. Malipo yasubiri.